Tunashangilia tundu dogo, uvimbe wenyewe nani ameuona?

Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya huku kwetu, ya ukoo, ya vikoba, ya kanisa, Moshi na Arusha yote, mtu anaeleza kwa furaha kwamba saratani ya utumbo siku hizi haipasuliwi tena, unatobolewa vitundu vitatu tumboni, uvimbe unatolewa kwa kamera, siku mbili tatu uko nyumbani unakunywa mtori. Nimetumiwa na watu wanne tofauti, mmoja wao mama mkubwa wangu wa Kibosho, na wote wameuliza swali lile lile, hospitali gani wanafanya na ni shilingi ngapi. Hakuna aliyeuliza huo uvimbe unagunduliwaje ukiwa bado mdogo kiasi hicho. Mimi naona hapo ndo tunapokosea wote, wananchi, waandishi wa habari na hata viongozi wanaokata utepe kwenye vyumba vipya vya upasuaji. Upasuaji wa matundu ni kitu kizuri kweli na nitautetea hapa chini, lakini kwa uvimbe wa utumbo mwembamba lile tundu ni hatua ya mwisho ya safari ndefu, na safari yenyewe huku kwetu imekatika katikati, kwenye vipimo. Tukinunua mashine ya kutolea kabla hatujatengeneza njia ya kugundulia, wagonjwa watakaofikishwa pale watakua wameshachelewa, na aliyechelewa mara nyingi anapasuliwa tumbo wazi kama zamani.

Tuanze na kiungo chenyewe mana wengi wanachanganya. Utumbo mwembamba ndo ule mrefu, kwa mtu mzima ni kama mita 6, unaanzia pale tumbo la chakula linapoishia, unajikunja kunja mpaka unaingia kwenye utumbo mpana, upande wa kulia chini, jirani na kidole tumbo. Kipande cha kwanza kinaitwa duodeni, sentimita kama 25 tu, kimezunguka kichwa cha kongosho, kinafuata jejunamu alafu ileamu. Ukipima njia nzima ya chakula, utumbo huu peke yake ni kama robo tatu ya urefu, lakini saratani zinazoanzia humo hazifiki hata 5 katika kila 100 za njia hiyo. Wataalamu wanadhani ni kwasababu chakula kinapita kikiwa majimaji na kinapita haraka, bakteria ni wachache ukilinganisha na utumbo mpana, na ukuta wake unabadilisha seli kila baada ya siku chache. Kwahiyo ni ugonjwa wa nadra, na unadra wake ndo unaomponza mgonjwa, mana mhudumu wa dispensari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na siku akikutana nao haufananii na kitu kikubwa.

Haufanani kwasababu dalili zake ni za kawaida mno. Tumbo linauma baada ya kula alafu linaacha, kujaa gesi, uzito unapungua kidogo kidogo, choo cheusi mara moja moja, damu kupungua. Huku kwetu mtu wa hivyo ana majina tayari yanayomsubiri, mwanaume ataambiwa ngiri, mwanamke ataambiwa chango, na wote wawili wakifika duka la dawa wataambiwa vidonda vya tumbo. Baba yangu mdogo alitibiwa vidonda vya tumbo miezi 14, dozi juu ya dozi, na katikati ya hapo akapewa dawa za kuongeza damu mara tatu, kila damu ikipanda wanashukuru, ikishuka wanampa tena, hakuna aliyekaa chini akauliza hii damu inaenda wapi. Desemba, watu wote tumepanda mlimani kwa Krismasi, utumbo ukaziba, tumbo likavimba, anatapika kijani, akapelekwa usiku kwenye pikapu ya jirani na akapasuliwa kwa dharura kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Uvimbe ulikua kwenye jejunamu. Kwa mtu katika hali ile, swali la tundu dogo au mpasuo mkubwa lilikua limeshapita miezi mingi nyuma.

Na hata akipata daktari makini, kuna tatizo la vipimo vyenyewe ambalo watu hawaambiwi. Kamera ya mdomoni inaona umio, tumbo na mwanzo wa duodeni basi. Kamera ya njia ya haja kubwa inazunguka utumbo mpana wote na mkono ukiwa mzuri inachungulia kipande kidogo cha mwisho wa ileamu. Katikati hapo kuna mita kadhaa ambazo hakuna kamera ya kawaida inayofika, mtu anafanyiwa zote mbili anaambiwa uko safi, anaenda nyumbani na uvimbe wake. Ndo mana mwaka 2001 ulikua mkubwa sana kwa ugonjwa huu, mwaka huo kidonge chenye kamera kiliruhusiwa kutumika, unakimeza kinapiga maelfu ya picha kikishuka chenyewe, na mwaka huo huo Hironori Yamamoto wa Japani alichapisha kazi yake ya kamera ndefu yenye maputo mawili ambayo inauvuta utumbo na kuupanga nyuma yake kama mtu anavyokunja mkono wa shati. Vitu hivyo kwa mkulima wa Rombo au mfugaji wa Longido bado ni vya mbali, na kidonge chenyewe kina hatari yake, utumbo ukiwa umebana kinaweza kukwama. Lakini siti skani ya tumbo yenye dawa ya kung'arisha sio ya mbali tena, fedha za UVIKO-19 zilinunulia mashine hizo hospitali za rufaa za mikoa, na mtu asomaye picha vizuri anaweza kuona ukuta wa utumbo umenenepa au kuna kivimbe kinachong'aa kupita kiasi. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko voisi yote ile, na hakuna aliyelitumia kwenye grupu.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Neno "hawapasui" linapotosha. Mgonjwa anapigwa nusu kaputi kama kawaida, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta unyanyuke kupatikane nafasi, zinaingia kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu ya kati ya milimita 5 na 12. Daktari anaukagua utumbo kipande kwa kipande toka unapoanzia jejunamu mpaka unapoingia kwenye utumbo mpana. Kipande chenye uvimbe kinakatwa pamoja na nyama ya pembeni yake, alafu ncha mbili zinaunganishwa. Yani ndani ni upasuaji ule ule, utumbo umekatwa na umeshonwa, na ule mshono unaweza kuvuja hata kama ngozi ina vidoa vitatu tu. Alafu uvimbe hautoki kwenye tundu la milimita 10, lazima wafungue kama sentimita 4 hivi, mara nyingi kwenye kitovu, waweke mfuko wa plastiki wa kulinda ukingo wa jeraha na kuutolea pale. Anayetegemea kuamka bila hata mshono mmoja ataona amedanganywa wakati madaktari wamefanya kila kitu sawa.

Kwenye ushahidi watetezi wa matundu wana hoja nzito, na tuwape haki yao. Kwa utumbo mpana, utafiti wa Marekani uliotoka 2004 ulichukua wagonjwa 872 wa saratani, nusu matundu nusu wazi, baada ya miaka mitatu ugonjwa ulikua umerudi kwa asilimia 16 ya wa matundu na asilimia 18 ya waliopasuliwa, tofauti isiyo na uzito, na wa matundu walitoka hospitali mapema na wakatumia dawa chache za maumivu. Utumbo mwembamba haujapata utafiti mkubwa wa namna hiyo, wagonjwa hawatoshi, kwahiyo madaktari wanaazima jibu kwa jirani. Kuazima huko kunaleta maana, ila kuna mahali kulikataa kabisa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi, kila mtu alitegemea matundu yatakua sawa au bora, yakatoka mabaya zaidi: baada ya miaka minne na nusu waliokua hawajarudiwa na ugonjwa ni asilimia 86 kwa matundu, asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa. Na karibu zaidi na mada yetu, Uholanzi walijaribu matundu kwenye ule upasuaji mkubwa wa kutoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni, wakausimamisha utafiti kabla ya muda kwasababu kwenye kundi la matundu walikufa 5 kati ya 50 kutokana na madhara, kwenye kundi la wazi alikufa 1 kati ya 49. Hiyo ni Uholanzi, wana kila kitu. Kwahiyo mtu akikwambia matundu daima ni bora mwambie inategemea ni kiungo gani, uvimbe gani na mkono wa nani.

Uvimbe gani, hapo pana utajiri wa mambo ambao voisi haikugusa. Saratani ya utumbo mwembamba ni kama ukoo wenye nyumba nyingi. Ipo adenokasinoma, inaanzia kwenye ngozi ya ndani ya utumbo na inapenda duodeni, hii inataka kipande kikatwe pamoja na tezi za limfu za pembeni, angalau 8 zikahesabiwe maabara, tundu dogo linalokuja na tezi tatu halijamsaidia mgonjwa. Upo uvimbe wa niuroendokrini, unatokana na seli zinazotengeneza homoni na unapenda ileamu, na huu una tabia ya kujificha kwa kuota zaidi ya mmoja, vingine vidogo kama punje ya mtama ambavyo kamera haivioni na vyuma virefu havivihisi, vidole ndo vinavihisi. Ipo GIST, inaota kwenye ukuta wa utumbo, hii haihitaji kufuata tezi, inakatwa tu safi pembezoni, ila haitakiwi kupasuka hata kidogo, ikipasuka tumboni wakati wa kuitoa uwezekano wa kurudi unapanda sana, na kwa waliopo kwenye hatari kubwa tiba inaendelea na vidonge vya imatinibu kwa miaka. Ipo limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili, ambayo mara nyingi dawa zinafanya kazi kubwa kuliko kisu. Na kwetu kuna kifua kikuu cha utumbo ambacho kwenye picha kinaweza kufanana na saratani kabisa na kinatibika kwa vidonge. Zote hizo kwa nje ni tumbo linauma na damu imepungua, anayezitenganisha ni mtu wa patholojia aliyekaa na darubini anaangalia kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe.

Hoja dhaifu kuliko zote niliyokutana nayo kwenye mjadala huu, na inasemwa na watu wazima wenye heshima zao, ni kwamba saratani ikiguswa na kisu au ikipigwa na hewa inasambaa, kwahiyo matundu ni salama kwasababu hewa haiingii. Kwanza kwenye matundu wanajaza gesi tumbo zima, na pili hewa haina kazi yoyote kwenye saratani. Naelewa imani hii imetoka wapi na siicheki. Mzee anafika ugonjwa umeshaenda kwenye ini, anafunguliwa, daktari anaona hakuna cha kufanya anafunga, baada ya wiki chache anazikwa, familia inahesabu siku toka kisu kilipoingia na kumbukumbu inabaki hivo vizazi viwili. Kisu kilikuta ugonjwa umeshasambaa. Kinachoweza kusambaza kweli ni kuupasua uvimbe au kuuburuza kwenye jeraha bila kinga, na hilo linatokea kwa matundu na kwa mpasuo mkubwa vile vile, dawa yake ni mkono uliofundishwa na ule mfuko wa plastiki.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya wanaosema huu ni ugonjwa wa wachache, tuna akina mama wanaojifungua kwa shida, tuna ajali za bodaboda kila siku, kwanini pesa iende kwenye mita 6 za utumbo ambazo hazina wagonjwa wengi. Hii hoja naiheshimu, na kama ombi lingekua kununua mitambo kwa ajili ya utumbo mwembamba peke yake ningeikubali. Ila ile kamera ya mdomoni inayotafuta uvimbe wa duodeni ndo hiyo hiyo inayoona saratani ya umio, ambayo kanda yetu ya kaskazini inaijua vizuri sana. Siti skani inayoonyesha jejunamu inaonyesha na kongosho na figo na mwenye ajali. Mtu wa patholojia anayetofautisha GIST na kifua kikuu ndo anayesoma titi na mlango wa kizazi. Hakuna senti ya vipimo inayoishia kwenye utumbo mwembamba tu, tofauti na mtambo wa matundu ambao bila vipimo unaishia kutoa vifuko vya nyongo na vidole tumbo. Navyo ni muhimu, sikatai, lakini basi tutangaze hivo, tusitangaze saratani.

Nimesema nitautetea upasuaji wa matundu na nautetea kwa sababu ambayo kwenye semina haisikiki. Kulala hospitali huku kwetu hakulipwi na hospitali, kunalipwa na ukoo. Mgonjwa akitoka Ngorongoro au Same akalazwa Arusha au Moshi siku 12, kuna ndugu mmoja anauguza, anapanga chumba au anaomba hifadhi, anapika, anapanda daladala asubuhi na jioni, shamba limelala na ng'ombe wameachiwa watoto. Ukipunguza siku tano hapo umeokoa pesa ambayo haipo kwenye risiti yoyote. Jeraha kubwa linaweza kuota usaha, linaweza kuachia baadae likawa ngiri ya mshono, na mtu anayeishi kwa kubeba ndizi mpaka sokoni akiambiwa asinyanyue kitu wiki sita au zaidi huyo ameambiwa asile. Kwahiyo faida kubwa ya tundu dogo iko kwa maskini kuliko kwa tajiri, na wanaosema ni anasa ya wenye bima kubwa wameliangalia jambo hili kinyume.

Na kwa utumbo mwembamba kuna njia ya katikati ambayo naona inatufaa kuliko picha za roboti tunazotumiana. Kamera inaingia, inatafuta uvimbe, inaangalia ini na ngozi ya ndani ya tumbo kama kuna kilichosambaa, alafu daktari anafungua zile sentimita 4 kwenye kitovu, anauvuta utumbo nje taratibu, anaupitisha kwenye vidole kama mtu anavyokagua kamba, hapo anahisi vile vya punje ya mtama, anakata na kushona kwa uzi na mkono juu ya tumbo, anarudisha. Utumbo mwembamba unakubali kwasababu unaning'inia huru, unavutika, tofauti na duodeni iliyoganda nyuma. Hauhitaji zile stepla za gharama za kuunganishia utumbo kwa kila mgonjwa, unahitaji uzi na mtu anayejua kushona, na washonaji wazuri wa utumbo tunao, wamejifunzia kwenye dharura za usiku. Kuna hata wenzetu India vijijini wanaofanya upasuaji wa matundu bila gesi, wananyanyua ukuta wa tumbo kwa chuma, kwa mazingira ya mitungi inayochelewa kufika hiyo ni akili ya kuiga. Kwa uvimbe wa duodeni uliokaa karibu na mlango wa nyongo hapo ningekaa mbali na matundu kabisa mpaka mahali pawe na mazoea ya kweli, takwimu za Uholanzi zinatosha.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo na mijadala ya nini kilipiwe haiishi. Huko ndo ningependa nguvu ya hii voisi ielekezwe. Kilipiwe kipimo kabla ya kifaa. Mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma, ametibiwa minyoo ya safura ipasavyo, damu imepanda na imeshuka tena, huyo apewe rufaa ya kamera juu na chini, na zisipoona kitu apelekwe siti skani, asirudishwe duka la dawa. Kinyama kisafiri kwa mfumo wa hospitali, mana sahivi sehemu nyingi ndugu anakabidhiwa kichupa chenye dawa na bahasha, anapanda nacho basi, akikosa nauli kichupa kinakaa kabatini, na kuna watu wamefanyiwa upasuaji mzuri kabisa ambao hawajawahi kujua walitolewa nini. Na siku ya kuongea na daktari wa upasuaji, swali la tundu liwe la tatu au la nne. Kwanza uvimbe uko kipande gani na umeenda wapi kwingine, pili unadhaniwa ni wa aina gani, alafu wewe daktari umefanya mangapi ya hivi, na mkikwama katikati mtafungua? Anayejibu tutafungua mara moja, huyo mwamini, kufungua pale inapobidi ndo udaktari wenyewe.

Mama mkubwa sikumtumia makala, nilimpigia. Nikamwamkia, nikamuuliza, mama, hii voisi umeitafutia nani hospitali? Akakaa kimya kidogo, akasema ni yeye, tumbo linamsumbua akila. Nikauliza na zile dawa za damu anameza tangu lini. "Tangu Pasaka mwanangu, nikiacha nachoka." Pasaka anayosema ni ya mwaka jana. Amepangiwa kamera ya mdomoni Jumanne, ya chini wiki inayofuata, na nimemwomba binti yake aende na makaratasi yote ya damu toka ya kwanza.